Mtoto Akitaka Rali, Mzazi wa Pemba Ajibu Nini?

Pemba haina uwanja wa mbio za magari. Haina wa gokati, haina wa motokrosi. Ina Gombani kwa mpira wa miguu, ina viwanja vya mchezo wa ng'ombe vijijini, ina bahari ya kutosha kwa resi za ngalawa. Lakini simu za mkononi hazikujali upungufu huo. Kila Safari Rally inapofanyika Naivasha, nchini Kenya, video za magari yanayoruka matuta na kupotelea ndani ya vumbi huingia Wete na Chake Chake siku hiyo hiyo. Mtoto aliyekuwa akivuta gari la boksi lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa huja na ombi ambalo baba na mama yake hawakuwahi kulipeleka kwa wazazi wao. Anataka kuwa dereva wa rali.

Jibu jepesi lipo na kila mzazi analijua: soma kwanza. Si jibu baya, ila halimalizi jambo, kwa sababu mchezo huu haufanani na mingine. Mpira mtoto anaweza kuucheza jioni nzima baba asijue, na akarudi nyumbani na goti lililochubuka tu. Mbio za magari mtoto hawezi hata kuzianza peke yake. Anahitaji mtu mzima wa kununua chombo, wa kukibeba hadi uwanjani, wa kufungua injini na kuifunga tena, wa kulipa ada, na wa kutia saini kwamba amekubali mwanawe ashindane. Nusu ya mchezo ni ya mzazi. Ndiyo maana historia ya madereva wakubwa, ukiisoma vizuri, ni historia ya baba na mama zao.

MKULIMA WA WARIDI

Mfano ambao mkulima wa karafuu ataufahamu haraka unatoka Grasse, kusini mwa Ufaransa, mji wa mashamba ya maua yanayokamuliwa mafuta ya manukato. Huko ndiko alikozaliwa Michèle Mouton mwaka 1951, katika familia iliyolima waridi na yasmini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza rali akiwa msoma ramani, yule anayekaa pembeni ya dereva na kumtajia kona zinazokuja. Baba yake, Pierre, alikuwa mpenzi wa magari, na kazi hiyo ya kukaa pembeni haikumpendeza. Akamwambia binti yake kwamba kama lazima awe ndani ya gari, basi alishike usukani. Alimnunulia Alpine-Renault A110, akagharamia msimu, na akaweka mpaka: mwaka mmoja. Ukishindwa kuonyesha kitu ndani ya mwaka huo, basi.

Hakushindwa. Mwaka 1981 alishinda Rali ya Sanremo nchini Italia akiwa na Audi Quattro, mwanamke wa kwanza kushinda rali ya ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata alishinda Ureno, Ugiriki na Brazil, akafika Côte d'Ivoire mwezi Oktoba akipigania taji la dunia na Mjerumani Walter Röhrl. Saa chache kabla ya rali kuanza alipata habari kwamba baba yake amefariki dunia kwa saratani. Alitaka kurudi nyumbani. Mama yake ndiye aliyemwambia aendelee, kwa kuwa hayo ndiyo yalikuwa matakwa ya marehemu. Michèle akaingia barabarani, akaongoza kwa muda mrefu, gari likaanza kusumbua gia, mwishowe akapata ajali na kutoka. Taji likaenda kwa Röhrl. Mwaka 1983 alikuja Afrika Mashariki na kumaliza wa tatu katika Safari.

Mzazi anayetafuta mwongozo ataona kwamba Pierre Mouton hakumwachia binti yake kila kitu, wala hakumfungia mlango. Alitoa fedha, akatoa muda, na akauhesabu. Na siku ya mwisho hakuwa yeye tena wa kuamua. Aliyebeba uamuzi mzito kuliko yote katika kisa hicho ni mama, mjane wa saa chache, akiwa mbali na bintiye, akimruhusu aingie katika hatari siku ile ile ya msiba.

KAZI NNE, SHARTI MOJA

Mouton alikuwa na shamba nyuma yake. Anthony Hamilton hakuwa na shamba. Familia yake, yenye asili ya Grenada kwa upande wa baba, iliishi Stevenage, Uingereza. Mwanawe Lewis alipoanza kushindana kwa gokati mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka minane, Anthony aliacha ajira yake ya kudumu ya masuala ya kompyuta ili afanye kazi za mkataba zitakazompa nafasi ya kwenda viwanjani. Kuna nyakati alifanya kazi hadi nne kwa mpigo, ikiwemo kuosha vyombo na kusimika mabango ya nyumba zinazouzwa. Sharti lake lilikuwa moja: nitakugharamia maadamu unafanya bidii skuli.

Mwaka 1995, Lewis akiwa na miaka 10, alimfuata Ron Dennis, mkuu wa timu ya McLaren, katika hafla ya tuzo na kumwambia kwamba siku moja atalikimbiza gari lake. Mwaka 1998 McLaren ilimsajili katika mpango wake wa kulea madereva, na mzigo wa gharama ukaanza kumtoka baba mabegani. Lewis alitwaa ubingwa wake wa kwanza wa langalanga, Formula One, mwaka 2008. Leo anayo mataji saba. Mwaka 2010 alimwondoa baba yake katika umeneja. Yalikuwa maumivu ya wazi kwa pande zote mbili, na uhusiano wao ulichukua muda kutengemaa. Aliyekuwa fundi, dereva, mhasibu na msemaji kwa miaka 17 alitakiwa abaki na kazi moja tu, ya kuwa baba.

Upande wa pili wa sarafu uko kwa Jos Verstappen, Mholanzi aliyewahi kuendesha langalanga mwenyewe. Mwanawe Max, akiwa kijana wa gokati, aligongana na mwenzake katika mbio za mwaka 2012 huko Sarno, Italia, mbio ambazo baba aliona zilikuwa mkononi. Wakati wa kurudi nyumbani Jos alimteremsha kijana katika kituo cha mafuta akaondoka, kisha akarudi kumchukua. Kisa hiki Max amekisimulia mwenyewe. Akaja kuwa bingwa wa dunia, na wapo wanaosema ukali ule ndio uliomjenga. Lakini mzazi afikirie watoto wengine wote waliotendewa hivyo hivyo na hawakufika popote. Hao hakuna anayewahoji.

WATOTO WA GEREJI

Afrika Mashariki ina historia yake, na haikuanza jana. Mbio zilizokuja kuitwa Safari zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania aliyetoka Scotland, alizishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404 na msoma ramani wake Chris Rothwell. Kwa maneno mengine, Tanzania iliwahi kuwa na bingwa wa Safari kabla wengi wa wazazi wa leo hawajazaliwa.

Ukichunguza madereva wa ukanda huu walivyoingia mchezoni, utakuta gereji. Joginder Singh, aliyepewa jina la Simba wa Kenya, alizaliwa Kericho mwaka 1932 na akakulia katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 alishinda Safari na mdogo wake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, akarudia mwaka 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Carl Tundo, bingwa wa Safari mara kadhaa katika karne hii, ni mtoto wa Frank Tundo, dereva wa rali. Maxine Wahome, aliyeshinda daraja la WRC3 la ubingwa wa dunia katika Safari ya mwaka 2022, ni binti wa dereva wa rali Jimmy Wahome. Uganda, katika motokrosi, jina la Blick limebebwa na baba na wanawe: Arthur mkubwa, kisha Arthur mdogo na Alestair.

Na yupo McRae Kimathi. Baba yake, Phineas Kimathi, dereva wa zamani na mmoja wa waliosimamia kurejea kwa Safari katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, alimpa mtoto jina la Colin McRae, Mskochi aliyeshinda Safari mara tatu, 1997, 1999 na 2002. Jina la namna hiyo ni mzigo. Mwezi Februari 2022 kijana huyo alipelekwa kushindana katika Rali ya Sweden, juu ya theluji na barafu, yeye na msoma ramani wake Mwangi Kioni, wote wawili wakitoka nchi ambayo theluji iko kileleni mwa Mlima Kenya tu. Wakamaliza.

Colin McRae mwenyewe alikuwa mtoto wa Jimmy McRae, bingwa wa Uingereza mara tano. Kalle Rovanperä, Mfini aliyeshinda Safari mwaka 2022 na 2024, ni mtoto wa Harri Rovanperä, dereva wa ubingwa wa dunia. Orodha inaweza kurefuka hadi ukurasa uishe. Huu ni mchezo unaorithiwa, na hapo ndipo mzazi wa Pemba anapokutana na ukuta. Hana gereji ya mashindano, hana rafiki katika chama cha mchezo, na hajui hata swali la kwanza aulize nani.

Gharama nazo zina lugha yake. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIA, lilipoanzisha daraja la Rally3 kwa ajili ya vijana wanaochipukia, liliweka kikomo cha bei ya gari kuwa euro 100,000. Hiyo ndiyo bei ya gari la anayeanza kupanda, kabla ya matairi, mafuta, mafundi na gari la kubebea spea. Akina Maxine Wahome na McRae Kimathi waliwekwa ndani ya Ford Fiesta za daraja hilo na mpango wa FIA wa kusaka vipaji, Rally Star, na wadhamini wa Kenya. Hata watoto wa gereji walihitaji kusaidiwa.

Udhamini ni mlango wa kawaida wa mchezo huu, na kwa familia ya Kiislamu una maswali yake. Miaka mingi magari ya mashindano yalipakwa rangi za kampuni za sigara na pombe. Kwa hiyo inafaa kumtazama Ahmad Al Harthy, dereva wa Oman, nchi ambayo familia nyingi za Pemba zina ndugu. Amekimbia miaka mingi chini ya bendera ya taifa lake, gari likibeba jina la Oman Racing. Mwaka 2023 yeye na wenzake wawili walimaliza wa pili katika daraja la GTE Am kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, na mwaka 2024 aligawana gari la BMW na Valentino Rossi, bingwa mashuhuri wa pikipiki. Mjomba aliyeko Muscat anaweza kumwambia mpwa wake wa Wete kwamba jambo hilo linafanyika, na dini ya mtu ikabaki mahali pake.

UMRI GANI?

Video ya Kalle Rovanperä akiwa na miaka minane, amekaa nyuma ya usukani wa Toyota Starlet na kuiteleza kwenye kona za barabara ya theluji, ilizunguka duniani kote. Wanaoishangilia husahau kilichofanyika nyuma ya kamera. Mtoto yule hakuwa barabara kuu. Alikuwa mahali palipofungwa, na gari lilitayarishwa na baba aliyelijua jinsi mtu anavyoijua kazi yake.

Rali ina tatizo ambalo langalanga haina: kati ya kipande kimoja cha mashindano na kingine, gari hupita barabara ya kawaida pamoja na watu wengine, na hapo leseni ya udereva ni lazima. Finland isingempa leseni mtoto. Baba akampeleka Latvia, ambako kanuni ziliruhusu msoma ramani aendeshe kwenye barabara za umma na kijana ashike usukani katika vipande vilivyofungwa. Akawa bingwa wa Latvia akiwa na miaka 16. Tarehe 2 Oktoba 2022, siku moja baada ya kutimiza miaka 22, akawa bingwa wa dunia mwenye umri mdogo kuliko wote katika historia ya rali. Harri hakuvunja sheria ya nchi yake ili mwanawe awahi. Alitafuta mahali ambapo sheria inaruhusu.

Walinzi wa mchezo wenyewe wamekuwa wakipandisha umri. Max Verstappen alipoingia langalanga mwaka 2015 akiwa na miaka 17, FIA iliweka kanuni ya umri wa miaka 18 kuanzia mwaka 2016. Katika pikipiki sababu ilikuwa nzito zaidi. Mwaka 2021 vijana watatu, wa miaka 14, 15 na 19, walikufa katika mbio barani Ulaya ndani ya miezi michache. Shirikisho la pikipiki likapandisha umri wa kuanzia katika madaraja yake, na tangu mwaka 2023 umri wa kawaida wa kuingia mbio za dunia za Grand Prix ni miaka 18.

HOFU ISIYOONDOKA

Hakuna mzazi aliyejua mbio kuliko John Surtees. Ndiye mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na wa langalanga pia, taji hilo la pili akilipata mwaka 1964, enzi ambayo madereva walikufa kila msimu. Yeye akasalimika. Tarehe 19 Julai 2009, katika uwanja wa Brands Hatch, Uingereza, mwanawe Henry mwenye miaka 18 alipigwa kichwani na gurudumu lililochomoka kwenye gari la mwenzake. Alifariki siku hiyo. Kijana hakukosea chochote, na elimu yote ya baba haikuweza kulizuia gurudumu lile. Surtees alianzisha taasisi kwa jina la mwanawe, na akaendelea kusaidia madereva vijana hadi alipofariki mwaka 2017.

Vifo hivyo ndivyo vilivyoandika kanuni. Kola ya kuzuia shingo isivunjike gari linapogonga, inayojulikana kwa jina la HANS, ilibuniwa na profesa wa Marekani Robert Hubbard mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini langalanga iliilazimisha mwaka 2003 tu. Fremu ya titani inayopita juu ya kichwa cha dereva wa langalanga, ambayo ingeweza kuukinga mpira wa gurudumu kama lile la Brands Hatch, ililazimishwa mwaka 2018. Mzazi akitia saini leo, mwanawe anaingia katika gari lenye fremu ya mabomba ndani, mikanda ya mabega na mapaja, nguo zisizoshika moto haraka, helmeti iliyokaguliwa, na gari la wagonjwa linalosubiri pembeni kabla injini ya kwanza haijawashwa. Bado watu hufa. Ila wanakufa wachache mno kuliko zamani, na kila kifo huchunguzwa.

Sasa mzazi huyo huyo atoke nje ya nyumba yake siku ya Idi. Mabarobaro wanapita kwa pikipiki na vespa, wawili au watatu juu ya chombo kimoja, vichwa wazi, na kila sikukuu polisi wa Zanzibar hutoa onyo lile lile kuhusu mwendo kasi. Lami ya kutoka Chake Chake kwenda Wete ina vilima na kona ambazo mwandaaji wa rali angezipenda. Ina pia ng'ombe, baiskeli, na wanafunzi wanaotembea pembezoni. Hapo hakuna daktari anayesubiri. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba helmeti nzuri ikivaliwa sawasawa hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 40 na wa kuumia vibaya kichwani kwa takriban asilimia 70.

Kwa hiyo mtoto anayependa mwendo hana njia mbili za kuchagua, rali au utulivu. Akikatazwa moja bila kupewa kitu, barabara ipo, na rafiki mwenye pikipiki yupo. Mchezo ulio rasmi una jambo moja ambalo lami haina: watu wazima wenye bendera mkononi ambao kazi yao ni kusimamisha.

PEMBA NA MICHEZO YA HATARI

Na Pemba haihitaji kufundishwa namna ya kulea vijana katika hatari. Mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huunasibisha na enzi za Wareno katika pwani hii, una ngoma, zumari, kelele za akina mama, na kijana anayesimama mbele ya pembe. Una pia wakubwa wake. Mnyama amefungwa kamba, kamba ina watu wanaoishika, mnyama hauawi uwanjani, na yupo mzee ambaye akisema basi huwa basi. Kijana haingii kwa sababu amejisikia tu siku hiyo.

Hivyo hivyo katika karafuu. Kila msimu baba wa Pemba humwacha kijana wake apande juu ya mkarafuu mrefu kuliko nyumba, na kila msimu wapo wanaoanguka, kiasi kwamba Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, limekuwa likitoa fidia kwa wachumaji walioumia. Hatari hiyo inakubalika kwa kuwa inajulikana, ina faida inayoonekana, na kila mtu kijijini anajua tawi lipi halipandwi. Rali haina hata kimojawapo cha vitu hivyo machoni pa mzazi. Anachoogopa zaidi si kasi. Ni kukosa wa kumuuliza.

Wa kumuuliza yupo, ingawa yuko mbali. Mchezo wa magari Tanzania una chama chake, Automobile Association of Tanzania, na rali hufanyika bara. Iringa, Morogoro, Arusha na Kilimanjaro zimewahi kuzipokea. Nairobi ina viwanja vya gokati na motokrosi, na Uganda imejenga utamaduni wa motokrosi ambamo watoto huanza na pikipiki za injini ndogo za cc 50 na kupanda ngazi kwa kadiri wanavyokua, huku wazazi wakiwa ndio mafundi, wapishi na wapiga makofi.

Zaidi ya hapo, usukani sio kiti pekee. Michèle Mouton aliingia kwa kiti cha msoma ramani, na kiti hicho hakidai euro 100,000. Kinadai mtu anayesoma bila kuchanganyikiwa, anayeijua hesabu ya umbali na muda, na asiyetapika. Wapo makarani wa saa, wapo wakaguzi wa magari, wapo washika bendera, ambao kwenye rali nyingi ni watu wa kujitolea. Na yupo fundi, ambaye bila yeye hakuna anayetoka kwenye mstari. Ufundi wa magari unafundishwa katika mfumo wa mafunzo ya amali Zanzibar, na Pemba ina chuo Vitongoji na kingine Daya, Mtambwe. Kijana anayeweza kubadilisha giabosi ndani ya dakika za hesabu, mvua ikinyesha, tochi ikiwa mdomoni, atatafutwa na timu kabla ya kijana anayesema tu kwamba anajua kukimbiza.

Hapo pia ndipo binti anapopata nafasi ambayo jamaa wengi hawakuifikiria. Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa wa rali Uganda mwaka 2011 mbele ya wanaume wote walioshindana naye. Baba wa Mkoani mwenye binti anayefungua na kufunga injini ya pikipiki ya kaka yake ana mfano wa kuonyesha pale shangazi watakapoanza kuuliza maswali.

Mzazi aliyekwisha kukubali ana kazi ya kufanya kabla ya kununua chombo chochote. Aende kwanza kwenye mashindano pamoja na mtoto akiwa mtazamaji, wakae siku nzima, waone injini zinavyokufa na watu wazima wanavyolia. Aulize nani anakagua magari, gari la wagonjwa linasimama wapi, hospitali ya karibu ni ipi, bima inamlipa nani, na kanuni zinasema nini kuhusu umri wa mwanawe. Helmeti anunue mpya, si ya mitumba, kwa sababu iliyowahi kupigwa huficha ufa ndani. Fedha aitenge kwa kiwango ambacho kikipotea chote ada ya skuli ya wadogo zake haitaguswa. Na muda autaje, kama alivyofanya yule mkulima wa Grasse: msimu mmoja, au miwili, halafu tunakaa tena.

Kisha kuna safari yenyewe. Rali za bara hufanyika mwisho wa wiki, na familia ya Pemba italazimika kupanda boti hadi Unguja, nyingine hadi Dar es Salaam, halafu basi la kwenda Morogoro au Iringa. Hiyo ni kuondoka kisiwani Alkhamisi na kurudi Jumatatu au Jumanne, mbali na gharama ya kulala. Mtoto atakosa siku tatu au nne za masomo kwa kila mashindano, na kama sharti la nyumba hiyo ni lile la Anthony Hamilton, barua ya ruhusa kwa mwalimu mkuu inatakiwa iandikwe, ijibiwe, na madaftari yapangwe kwenye mkoba, kabla hajakatiwa tiketi ya boti.